Stesheni ya Orsay: Wapangaji wa Muda Ndio Waliookoa Jengo

Katika mwaka wa kawaida, watu zaidi ya milioni tatu huingia Makumbusho ya Orsay jijini Paris, kwenye ukingo wa kushoto wa mto Seine, kuona kazi za Manet, Monet, Degas, Cézanne na Van Gogh. Wanapoinua macho hukuta paa la kioo lililopinda juu ya ukumbi mmoja mrefu mno, na saa kubwa iliyonakshiwa ukutani, na hapo hapana anayehitaji kuambiwa kuwa jengo hili lilikuwa stesheni ya treni. Habari inayosimuliwa mara nyingi ni fupi: stesheni ilifunguliwa mwaka 1900, ikapitwa na wakati, ikanusurika kubomolewa, kisha serikali yenye kuona mbali ikaifanya makumbusho mwaka 1986. Tarehe hizo ni sahihi, na nia ya serikali ilikuwapo kweli. Ninachokipinga ni namna sababu zilivyopangwa. Tangu mwaka 1939, treni za safari ndefu zilipoondoka, hadi mwaka 1977, rais alipoamua rasmi hatima ya jengo, ni miaka 38 ambayo masimulizi huiruka kana kwamba haikuwa na lolote. Kwa maoni yangu miaka hiyo ndiyo kiini cha habari yote, kwa sababu ndani yake jengo lilitunzwa na watu ambao hawakuwa na mpango wowote wa kulitunza.

Kiwanja chenyewe kilikwisha kuonja kutelekezwa. Kabla ya reli palisimama Jumba la Orsay, makao ya Baraza la Dola na Mahakama ya Hesabu, taasisi mbili nzito za utawala wa Ufaransa. Mwezi Mei 1871, katika siku za mwisho za Komuni ya Paris, yaani uasi wa wakazi wa jiji dhidi ya serikali, jumba hilo lilichomwa moto pamoja na majengo mengine ya serikali, zikabaki kuta nyeusi. Kuta hizo zilisimama hivyohivyo kwa zaidi ya robo karne. Miti na magugu viliota kwa wingi ndani yake, hata mtaalamu wa mimea Joseph Vallot akaona inafaa kuvihesabu kimoja kimoja, na mwaka 1884 akachapisha orodha ya mimea ya magofu hayo. Michoro ya ukutani ya Théodore Chassériau, iliyopamba ngazi kuu ya Mahakama ya Hesabu, iliachwa inyeshewe miaka mingi kabla ya vipande vilivyosalia kubanduliwa na hatimaye kufika Louvre. Nayataja haya kwa kuwa wengi hudhani Paris ni jiji lililozaliwa na desturi ya kuhifadhi. Jumba hili liliachwa lioze ng'ambo ya bustani za Tuileries, mbele ya macho ya kila mtu, kwa muda wa kizazi kizima.

Aliyekuja kukitaka kiwanja hicho ni Kampuni ya Reli ya Paris na Orléans, iliyohudumia kusini-magharibi mwa nchi: Orléans, Tours, Nantes, Bordeaux na Toulouse. Shida ya kampuni ilikuwa stesheni yake ya mwisho, Austerlitz, iliyokuwa mbali na katikati ya jiji, ilhali Maonyesho ya Dunia ya 1900 yalikuwa yanakaribia na wageni walitarajiwa kwa mamilioni. Serikali ikakubali kuachia kiwanja, na kampuni ikasogeza reli yake karibu kilomita 4 kuelekea katikati, kwa kuipitisha chini ya barabara za ukingo wa mto. Mwaka 1897 iliwaita wasanifu majengo watatu, Lucien Magne, Émile Bénard na Victor Laloux, watoe mapendekezo yao, na mwaka uliofuata ikamchagua Laloux, mzaliwa wa Tours ambaye stesheni ya mji wake wa nyumbani nayo ni kazi ya mkono wake. Ujenzi ulichukua miaka miwili tu. Jengo lilizinduliwa tarehe 14 Julai 1900, sikukuu ya taifa, maonyesho yakiwa yamekwisha kuanza.

Laloux alikuwa na majirani wasioruhusu mzaha: Louvre ng'ambo ya mto, na Jumba la Nishani ya Heshima ubavuni. Stesheni ya chuma tupu isingekubalika hapo. Kwa hiyo alijenga mifupa ya chuma yenye uzito wa tani 12,000, kiasi kinachozidi chuma cha mnara wa Eiffel, kisha akaificha nyuma ya ukuta wa mawe uliochongwa. Upande unaotazama mto aliweka saa mbili kubwa, na juu ya paa akaketisha sanamu tatu za wanawake zinazowakilisha miji mitatu ya safari: Bordeaux, Toulouse na Nantes. Ndani, matao ya chuma yalifunikwa kwa nakshi za plasta zenye maua. Wasanifu wa kizazi kilichofuata, waliofundishwa kuwa jengo linapaswa kuonyesha waziwazi limejengwa kwa vifaa gani, waliuita mtindo huu udanganyifu, na hukumu yao karibu ilimaliza maisha ya stesheni hii miaka ya 1960. Nadhani walikosea. Laloux alielewa kwamba ukumbi wa kupokelea watu katikati ya jiji unastahili heshima ileile inayopewa ikulu au mahakama, na abiria wa daraja la tatu aliyeshuka kutoka Toulouse akiwa na mzigo wake alipokewa chini ya nakshi zilezile alizozitazama tajiri.

Wakati ule walikuwapo walioliona hili mara moja. Mchoraji Édouard Detaille aliandika mwaka 1900 kwamba stesheni ni nzuri ajabu na inafanana na jumba la sanaa, na kwa kuwa Jumba la Sanaa lenyewe, lililojengwa kwa ajili ya maonyesho yaleyale, lilifanana na stesheni, alimshauri Laloux abadilishane kazi za majengo hayo mawili kabla muda haujapita. Maneno hayo hunukuliwa leo kama utabiri. Mimi nayasoma kama ushahidi wa jambo la kiufundi ambalo Detaille huenda hakulifikiria kabisa: ukumbi ulifanana na jumba la sanaa kwa sababu ulikuwa safi.

Usafi huo uliletwa na umeme. Treni iliyotoka Bordeaux ilivutwa na injini ya mvuke hadi Austerlitz. Hapo injini hiyo iliondolewa, ikafungwa injini ya umeme iliyopata nguvu kutoka reli ya tatu, yaani reli ya ziada yenye umeme kando ya zile mbili za kawaida, nayo ikayavuta mabehewa ndani ya handaki hadi Orsay. Hapakuwa na moshi, masizi wala cheche. Stesheni kubwa za mvuke za zama zile zilihitaji mapaa yenye matundu ya kutolea moshi, na hata hivyo kuta zake zilikuwa nyeusi baada ya miaka michache. Laloux aliweza kufunga ukumbi wake kwa kioo kutoka mwanzo hadi mwisho, urefu wa mita 138, upana wa mita 40 na kimo cha mita 32, na kuupamba ndani kwa rangi hafifu bila kuhofia kitu. Njia 16 za reli aliziweka chini, huduma za abiria zikawa juu yake, na kati ya sakafu hizo mbili palikuwa na lifti za watu, pamoja na miteremko na lifti za mizigo. Hoteli yenye vyumba 370 ilishikamana na stesheni kwa upande wa magharibi, ikiwa na ukumbi wa dansi na mkahawa ambao dari yake ilichorwa na Gabriel Ferrier.

Lakini umeme huohuo ulikuwa na upande wa pili. Kufika katikati ya jiji kwa kupita chini ya ardhi kulimaanisha kwamba stesheni ilibanwa pande zote: mto upande mmoja, mitaa iliyojengwa upande mwingine. Majukwaa ya abiria hayakuwa na pa kurefukia. Katika miaka ya 1920 na 1930 umeme ulipotandazwa hatua kwa hatua kwenye njia kuu ya kusini-magharibi, treni zilipata nguvu ya kuvuta mabehewa mengi zaidi, zikawa ndefu kuliko majukwaa ya Orsay. Teknolojia iliyoizaa stesheni ndiyo iliyoishinda. Tangu mwaka 1939 safari ndefu zilirudishwa Austerlitz, na Orsay ikabaki na treni za vitongojini peke yake. Stesheni kuu ya kampuni kubwa ya reli iliishi miaka 39, umri mfupi mno kwa jengo lililojengwa kwa gharama na fahari ya namna ile.

Mto nao ulikuwa umekwisha kutoa onyo mapema. Katika mafuriko makubwa ya Januari 1910 maji ya Seine yaliingia kwenye handaki na kufunika njia zote za reli za Orsay, hata sakafu ya chini ya ukumbi ikawa bwawa lililoakisi nakshi za Laloux. Hatari hiyo haikuondoka pamoja na treni, na nitairudia.

Sasa tunafika kwenye miaka inayorukwa. Jengo lilikuwa mali ya SNCF, shirika la taifa la reli lililoanza kazi mwaka 1938, na shirika halikuwa na haja nalo tena ila kwa treni chache za chini. Hata hivyo halikulifunga. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ukumbi ulitumika kupokea na kutuma vifurushi kwa wanajeshi wa Ufaransa waliokuwa mateka Ujerumani. Mwaka 1945, mateka haohao walipoanza kurejea, waliletwa Orsay, wakapokewa na kuandikishwa chini ya paa lilelile ambalo chakula na nguo za baridi zilipitia kuwafuata. Sijui kama kuna ukumbi mwingine wowote jijini Paris uliobeba nyakati zote mbili za utengano na marejeo kwa namna hiyo, na inanisikitisha kwamba makumbusho yenye umaarufu kama huu hufahamika kwa michoro tu.

Hoteli iliendelea na maisha yake. Tarehe 19 Mei 1958, nchi ikiwa imetikiswa na mgogoro wa Algeria, koloni lililokuwa likipigania uhuru, Charles de Gaulle aliwaita wanahabari humo na kusema yuko tayari kushika madaraka ya Jamhuri. Ndipo alipowauliza kama kuna anayeamini kwamba akiwa na umri wa miaka 67 angeanza kazi ya udikteta. Mwaka 1962 mwongozaji wa filamu wa Marekani, Orson Welles, akihitaji mahali pakubwa, patupu na pa kutisha, alipiga filamu ndani ya stesheni iliyokwisha kupoteza abiria wake. Katika muongo wa 1970 waliingia waigizaji: Jean-Louis Barrault na Madeleine Renaud, ambao kundi lao lilipoteza jumba lake la maigizo la Odéon baada ya machafuko ya wanafunzi na wafanyakazi ya Mei 1968, walijenga jukwaa na viti vya mbao ndani ya ukumbi wa chuma. Muongo huohuo wakaja madalali, kwa kuwa nyumba ya mnada ya Drouot ilikuwa inajengwa upya na mnada hauwezi kusubiri; samani, mazulia na michoro vikauzwa mahali ambapo zamani palipangwa masanduku ya wasafiri.

Hawa wote walikuwa wapangaji wa muda. Hakuna aliyetumwa kuokoa urithi wa taifa, na hakuna aliyelipenda jengo kiasi cha kulipigania kabla hajalihitaji. Lakini tutazame walichokifanya kwa vitendo. Jengo lenye mtu ndani huzibwa paa linapovuja, huwashwa taa na hufungwa milango usiku. Jengo tupu la ukubwa ule, lenye kioo kingi kiasi kile, haliwezi kuvumilia miaka 40 ya mvua na baridi ya Paris. Jumba la Orsay lililotangulia kwenye kiwanja hichohicho lilikuwa limeonyesha wazi kinachotokea. Zaidi ya matunzo, wapangaji walizalisha mashahidi. Kila aliyekuja kuangalia tamthilia au kununua kabati alikaa chini ya matao ya Laloux kwa saa mbili au tatu, akiwa mtazamaji aliyetulia, wala si abiria mwenye haraka. Kufikia katikati ya muongo wa 1970, wakazi wengi wa Paris walikuwa wameshajionea kwa macho yao kwamba stesheni ile inaweza kuwa jumba la utamaduni, kwa sababu tayari ilikuwa hivyo. Serikali ilipotangaza uamuzi wake, ilitia saini jambo ambalo watu walikuwa wamekwisha kulizoea.

Hatari ilikuwa ya kweli wakati wote huo. SNCF ilitaka kuuza, na tangu mwanzo wa miaka ya 1960 mapendekezo ya kujenga kitu kipya mahali pale yalifuatana, yakiwemo ya Le Corbusier, msanifu mashuhuri wa majengo ya kisasa, ambaye mwaka 1961 alichora mnara wa kisasa ambao usingeacha chochote cha Laloux. Wazo lililopata nguvu zaidi lilikuwa hoteli kubwa mpya, na mwaka 1970 kibali cha kubomoa stesheni kilikwisha kutolewa. Jacques Duhamel, aliyeshika wizara ya utamaduni mwanzoni mwa mwaka 1971, aliipinga hoteli hiyo, na heshima ya uamuzi huo anastahili kupewa bila kupunguziwa. Ila waziri hafanyi kazi peke yake katika upepo wa wakati wake. Mwaka huohuo wa 1971 mabanda ya soko kuu la Les Halles, kazi ya Victor Baltard ya chuma na kioo iliyosifiwa dunia nzima, yalibomolewa licha ya malalamiko makubwa, na mahali pake pakabaki shimo ambalo wakazi walilitazama kwa miaka. Banda moja pekee la Baltard lilisalimika kwa kuhamishiwa Nogent-sur-Marne. Hasira ya Les Halles ilibadilisha hesabu za wanasiasa: kubomoa jengo jingine la karne ya 19 sasa kulikuwa na gharama ya kura.

Ni vyema pia kuzingatia kwamba kilichoikomboa Orsay katika kipindi hiki kilikuwa kusitasita. SNCF haikuwa na haraka ya fedha kiasi cha kubomoa bila mnunuzi kamili, serikali haikuwa na msimamo mmoja, na wapangaji walikuwa bado ndani. Mpango mmoja wenye fedha na kasi ungekuwa umetimizwa mwaka 1965, na leo tungekuwa na hoteli. Wataalamu wa mipango miji hupenda kulaumu ucheleweshaji, na mara nyingi wana haki, lakini katika kesi hii muda ndio uliofanya kazi ambayo hakuna kamati ingeweza kuifanya: uliwapa watu nafasi ya kubadili fikra zao kuhusu karne nzima ya usanifu ambayo walikuwa wamefundishwa kuidharau.

Hatua za kisheria zilifuata kwa mpangilio. Mwezi Machi 1973, miezi michache tu baada ya hoteli kufunga milango, stesheni iliingizwa kwenye orodha ya ziada ya majengo yanayolindwa. Kurugenzi ya makumbusho, iliyokuwa ikitafuta pa kuweka michoro ya Waimpreshonisti, wachoraji kama Monet na Degas, iliyosongamana kwenye jumba dogo la Jeu de Paume, ilipendekeza makumbusho ya sanaa ya nusu ya pili ya karne ya 19. Rais Valéry Giscard d'Estaing na serikali yake waliidhinisha wazo hilo rasmi tarehe 20 Oktoba 1977, na mwaka 1978 jengo likapewa hadhi kamili ya jengo la kihistoria. Kazi ilipita mikononi mwa marais wawili wa kambi zinazopingana: Giscard aliianzisha, na François Mitterrand aliyemshinda mwaka 1981 aliiendeleza na kuizindua tarehe 1 Desemba 1986. Umma uliingia siku chache baadaye, tarehe 9. Mwaka 2021, baada ya kifo cha Giscard, jina lake liliongezwa kwenye jina la taasisi. Sipingi heshima hiyo, ila hakuna jina la mpangaji hata mmoja lililofikiriwa.

Mashindano ya usanifu ya mwaka 1979 yalishindwa na ofisi ya ACT ya Renaud Bardon, Pierre Colboc na Jean-Paul Philippon. Pendekezo lao lilifuata mantiki ya stesheni: njia kuu ya watazamaji iende kwa urefu wa ukumbi mahali ambapo treni zilikuwa, lango la kuingilia liwe upande wa magharibi, na sehemu za juu za jengo upande wa mto, penye mwanga wa asili, zipewe michoro inayouhitaji zaidi mwanga huo. Walipaswa kuongeza sakafu mpya za mita za mraba 20,000 bila kuua upana wa ukumbi. Kwa mapambo ya ndani na mpangilio wa maonyesho akachaguliwa msanifu wa Italia, Gae Aulenti, naye akaleta mawe ya chokaa ya Buxy kutoka Burgundy, akajenga nayo kuta nene, matuta na minara miwili mwishoni mwa ukumbi.

Hapa mabishano ya mwaka 1986 yalikuwa makali, na bado yana maana. Wakosoaji walisema Aulenti amejenga hekalu la Misri ndani ya stesheni, na kwamba uzito wa mawe yake unashindana na wepesi wa kioo cha Laloux. Nakubaliana nao kwa nusu. Ukisimama kwenye ngazi za lango la magharibi na kutazama mbele, utaona mambo mawili kwa pamoja: paa linalokuvuta mbali hadi mwisho wa ukumbi, na kuta za chokaa zinazokukatiza kila hatua chache ili utazame sanamu iliyo karibu nawe. Bila kuta hizo, sanamu za Carpeaux na Barye zingepotea kama watu wachache uwanjani. Kosa la Aulenti, kwa maoni yangu, liko kwenye minara ya mwisho, ambayo inaziba macho mahali ambapo treni zilikuwa zikielekea, na kumnyima mtazamaji hisia ya urefu kamili uliokuwa sababu ya jengo kuwapo.

Kulikuwa na ubishi mwingine usiokumbukwa sana, nao ulihusu kinachopaswa kuonyeshwa. Baada ya mabadiliko ya serikali ya mwaka 1981, mwanahistoria Madeleine Rebérioux, bingwa wa historia ya wafanyakazi na ujamaa nchini Ufaransa, aliletwa kwenye uongozi wa mradi ili historia ya jamii iingie pamoja na sanaa. Wahifadhi wa michoro, wakiongozwa na Michel Laclotte, walihofia makumbusho yao yasigeuzwe somo la siasa. Matokeo yalikuwa mapatano: kipindi cha kati ya 1848 na 1914, kinachoanza na mapinduzi na kuishia na vita, na nafasi ya picha za kamera, samani na usanifu kando ya uchoraji, lakini uchoraji ndio ulioshinda. Hasara ni kubwa kwa jengo hili hasa. Reli ndiyo iliyowawezesha wachoraji wa Paris kufika Argenteuil na Normandy kuchora mito na bahari, na miongoni mwa mali za makumbusho umo mchoro wa Monet wa mwaka 1877 wa stesheni ya Saint-Lazare, wenye injini zilizofunikwa na moshi wa buluu. Mchoro wa stesheni ya mvuke unaoning'inia ndani ya stesheni ya umeme ungeweza kumfundisha mgeni, kwa kutazama tu, kwa nini ukumbi aliosimama ndani yake una rangi ya krimu na si nyeusi.

Treni zenyewe hazikuondoka kamwe. Septemba 1979, mwaka uleule wa mashindano ya usanifu, handaki fupi lilifunguliwa kuunganisha Orsay na stesheni ya Invalides, na njia iliyokuwa ikikoma hapo ikawa njia inayopita, sehemu ya laini C ya treni za mkoa. Kituo chake chini ya jengo kina jina la makumbusho. Hili ni jambo la kupongezwa, kwani stesheni nyingi zilizogeuzwa matumizi zimekatwa kabisa na reli. Lakini pia lina gharama: handaki linalopita kando ya mto ni mlango wa maji. Mwanzoni mwa Juni 2016 Seine ilipopanda hadi karibu mita 6.10 kwenye daraja la Austerlitz, laini C ilisimama, makumbusho yalifungwa, na wafanyakazi wakahamishia juu kazi zilizokuwa sehemu za chini. Mwaka 1910 maji yalikuwa yamefika mita 8.62. Kila anayepanga matumizi ya jengo hili anapaswa kuanza na tofauti kati ya namba hizo mbili, kwa sababu siku moja tofauti hiyo itafutika.

Mwaka 2011 vyumba vya Waimpreshonisti juu ya jengo vilifunguliwa upya baada ya Jean-Michel Wilmotte kuondoa weupe wa kuta na kuweka rangi ya kijivu kizito na sakafu ya mbao nyeusi. Michoro ilipata uhai papo hapo, na ilidhihirika kwamba kazi ya mwaka 1986 haikuwa takatifu. Basi ni halali kuuliza kuhusu sehemu nyingine pia, hasa ile minara ya mwisho wa ukumbi. Jukwaa la mbao la Barrault na Renaud lilipomaliza kazi yake Orsay, lilifunguliwa vipande na kwenda kusimikwa katika jumba la Rond-Point, karibu na Champs-Élysées, na ukumbi wa Laloux ukabaki kama ulivyokuwa. Madalali walirudi Drouot na mali zao, bila kuacha msumari. Mpangaji wa kudumu ndiye aliyeingiza mawe yasiyohamishika, na mabadiliko yoyote yajayo ndani ya ukumbi yanapaswa kutekelezwa kwa kipimo cha wale waliomtangulia: kwamba kinachoongezwa kiweze kutolewa bila kugusa kitu kilichojengwa mwaka 1900.